Hilux 3L inagonga ikiwa kwenye sailensi, nikikanyaga mafuta inanyamaza. Fundi anataka kushusha injini

mzigo_njombe
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla sijauza shamba.

Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini 3L ya dizeli, cc 2779, gia za mkono. Niliinunua kwa mtu mwaka 2017. Dashibodi inasema kilomita 412,000 lakini geji ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo hapo jazeni wenyewe. Kazi yake ni viazi: Makete kuja Njombe, Njombe kwenda Makambako, na mara mojamoja nashuka nayo mpaka Dar.

Wiki 3 zilizopita imeanza ugonjwa. Asubuhi naiwasha inashika vizuri, haina neno. Ikipita kama dakika 1 inaanza ko-ko-ko-ko. Sauti kavu, kama mtu anagonga debe kwa spana. Ikiwa kwenye sailensi jirani anaisikia akiwa ndani kwake. Nikikanyaga mafuta kidogo, ikifika kama 1500, inafifia. Ikizidi hapo siisikii kabisa. Nikiachia, mizunguko ikishuka, inarudi palepale.

Nguvu ipo. Moshi ni ule ule, mweusi kidogo ikiwa na mzigo mlimani. Taa ya oili haiwaki, haichemshi, haili oili kupita kawaida.

Nimeshapita kwa mafundi 3. Wa kwanza kaweka mkono juu ya boneti kama mganga, kasema "beringi za konrodi, hapa ni kushusha injini" (konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na shafti ya krenki), milioni 2 na laki 8 pamoja na spea. Wa pili kasema nozeli, zile za kupuliza dizeli kwenye silinda. Wa tatu kasema dizeli zote zinagonga, niongeze redio.

Msimu ndio huu, pesa hiyo sina. Niendelee kuitumia au niiegeshe?

kijana_wa_spana
Nozeli hiyo mkuu. 3L nozeli ikichoka inakojoa badala ya kupuliza, lazima igonge. Peleka pampu na nozeli zote zipimwe, mchezo umeisha.

tabora_road
Iegeshe. Leo.

Mimi mwaka 2019 nilikuwa na 2L, ikaanza kugonga hivihivi. Mtu akaniambia nozeli, nikamwamini kwa sababu ilikuwa bei nafuu kuliko ukweli. Kabla sijafika Mikumi konrodi ikatoboa bloku. Oili yote chini ya lami, gari limekaa pembeni usiku kucha, kesho yake nikavutwa mpaka Morogoro. Kipande cha bloku niliokota, ninacho nyumbani, nazuilia mlango.

nakuru_4x4
Pole sana ndugu. Swali kutoka huku Kenya: sailensi ndiyo nini? Kwetu sailensa ni ile ya eksosi. Inagonga ndani ya eksosi ama?

kijana_wa_spana
Hahaha. Sailensi ni gari ikiwa inanguruma tu pale ilipo bila kukanyaga mafuta. Ile yenu sisi tunaita ekzosi.

rumbesa_ni_dhambi
Tuanze na gunia ngapi. Magunia ya viazi ya Makete nayajua, moja limeshonewa kofia juu mpaka linakuwa moja na nusu. Gari la tani 1 mnalibebesha tani 2, likigonga mnasema nozeli.

mzee_dizeli
Mwenye uzi, kabla watu hawajakutajia ugonjwa jibu haya:

Ikipata moto sawasawa, sauti inazidi, inapungua au iko vilevile? Ukipanda mlima na mzigo unaisikia? Halafu la mwisho, usilidharau: mwaka huu kuna kitu chochote kilichofunguliwa kwenye hiyo injini? Hata kama unaona hakihusiani. Chochote.

mzigo_njombe
Shikamoo mzee.

Ikipata moto iko vilevile, labda inazidi kidogo. Mlimani na mzigo siisikii kabisa, na nina masikio mazuri.

Kilichofunguliwa, hakuna. Altaneta tu ilikufa mwezi wa 3, nikafungiwa ya mtumba kwenye gereji moja njiani. Inachaji vizuri. Ah, na breki: asubuhi pedali inakuwa ngumu kama jiwe, mpaka niikanyage mara 2 au 3. Hilo ni la baridi ya Njombe nadhani, huku hata binadamu asubuhi ni wagumu.

@rumbesa_ni_dhambi magunia 14, na mengine sitaji.

mzee_dizeli
Marahaba.

Breki ngumu siyo baridi, mwanangu. Nimefungua dizeli miaka 30, sijaona baridi inayoingia kwenye buusta, ile inayosaidia mguu kukanyaga breki. Hilo tutalirudia. Kwa sasa usishuke mlima wowote na mzigo.

Kwanza tumtoe huyo fundi wa milioni 2 na laki 8. Beringi ya konrodi iliyokufa hainyamazi ukikanyaga mafuta. Kinyume chake. Inapiga zaidi injini inapobeba kazi, na inapiga sana pale unapopandisha mizunguko halafu ukaachia ghafla, kwa sababu ule uwazi kati ya rodi na krenki unapigwa huku na huku. @tabora_road, yako ilikuwaje?

tabora_road
Ilikuwa inazidi, mzee. Kwenye kupanda ilikuwa kama ngoma.

mzee_dizeli
Unaona. Hizo ni sauti 2 tofauti kabisa ila ukizisikia kwenye simu zote ni "ko-ko-ko".

Hata hivyo sikuagizi uamini maneno yangu, mimi niko mbali na gari silioni. Fanya majaribio 3, yote hayazidi saa 1, na gharama yake ni filta moja ya oili.

La kwanza, nozeli. Injini ikiwa inanguruma, chukua spana 17, legeza nati ya bomba la nozeli namba 1 kidogo tu, mpaka dizeli ianze kutiririka na injini ianze kutetemeka. Sikiliza. Kaza. Nenda namba 2, mpaka 4. Weka kitambaa juu ya nati na usiweke mkono wazi pale: presha kwenye yale mabomba inazidi bar 100, dizeli inapenya ngozi na utaishia hospitali na kidole kimevimba. Ukilegeza moja na kugonga kukakoma, shida iko kwenye silinda hiyo.

Hapa ndipo vijana wengi wanapoingia mkenge. Ukikata dizeli, nozeli mbovu inanyamaza, na konrodi mbovu nayo inanyamaza, kwa sababu hakuna tena moto wa kuisukuma pistoni. Kwa hiyo ukiipata silinda usikimbilie kununua. Badilishana nozeli hiyo na ya jirani, weka washa (zile pete) mpya. Kugonga kukihama na nozeli, ni nozeli. Kukibaki kwenye silinda ile ile, basi ni huko chini na tabora_road alikuwa sahihi.

La pili, toa filta ya oili, kata bati lake kwa msumeno, kunjua karatasi ya ndani juani. Ukiona unga unaometa wenye rangi ya shaba au fedha ambao sumaku haiunyanyui, hizo ni beringi zinalika. Sumaku ikinyanyua vipande, hicho ni chuma cha kitu kingine. Ukiona masizi meusi tu, shukuru Mungu.

La tatu, mikanda. Toa mkanda wa staringi kwanza, washa, sikiliza. Zima. Kisha toa mkanda wa altaneta, kama iko miwili toa yote. Washa sekunde 20 au 30 tu, kwa sababu pampu ya maji na feni havizunguki, usijisahau ukaenda kunywa chai. Na gari lisitoke lilipo, maana bila mkanda huo breki utakuwa nazo za kukanyaga kwa miguu yote miwili.

kijana_wa_spana
Mzee, mkanda wa altaneta na breki vinaingilianaje?

mzee_dizeli
Subiri alete majibu kwanza.

nakuru_4x4
Mimi ningeongeza puli ya krenki pia. Nilikuwa na Hilux ya zamani, mekanika akaniambia "injini imeenda", nikaanza kutafuta nusu injini pale Kirinyaga Road. Kumbe ile raba ya katikati ya puli ilikuwa imeachana na chuma, puli inacheza inagonga. Boliti na puli, basi. Mwenye uzi chukua chaki, piga mstari mmoja kuanzia kitovu cha puli mpaka ukingo wa nje. Endesha siku 2. Ukikuta mstari umekatika vipande viwili visivyolingana, raba imeachia.

mzee_dizeli
Hilo ni zuri sana, la chaki. Fanya na hilo. Na bisibisi refu unalo? Ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Gusa bloku, gusa kava ya juu, gusa altaneta kwa mbele na kwa nyuma. Angalia nywele na mikono ya shati na feni.

pemba_mkaa
Wallahi huyu mzee angekuwa daktari wa watu tungepona sote. Mimi sina pikapu, nna vespa tu, lakini nafuatilia.

mzigo_njombe
Nimerudi. Nimefanya leo, mdogo wangu ananiwashia.

Nozeli: nimelegeza zote 4, moja moja. Injini inatetemeka kama yenye homa lakini ko-ko-ko ipo palepale, haijali. Hakuna hata moja iliyobadilisha.

Filta: nimeikata. Masizi. Sumaku ya spika haijanyanyua kitu. Nimeikunjua juani nikaikagua mpaka mke wangu akauliza natafuta nini.

Chaki: mstari umenyooka, ila nimeutembeza siku 1 tu.

Sasa mikanda. Nimetoa wa staringi: inagonga. Nimetoa ya altaneta, iko 2, nikamwambia dogo awashe.

KIMYA. Wakuu, kimya kabisa. Injini inanguruma kama mpya. Nilisimama pale nimeshika mikanda mkononi, dogo akadhani imezima.

tabora_road
Aisee.

rumbesa_ni_dhambi
Milioni 2 na laki 8 😂

kijana_wa_spana
Basi ni pampu ya maji au beringi ya altaneta. Na huyo aliyemuuzia altaneta ya mtumba...

mzee_dizeli
Nusu umepatia. Mwenye uzi, kabla hujarudisha mikanda shika feni, itikise mbele na nyuma. Ikicheza, ni pampu ya maji. Isipocheza, zungusha puli ya altaneta kwa mkono taratibu, useme unahisi nini.

mzigo_njombe
Feni imetulia, haichezi. Altaneta nikiizungusha kuna mahali inashika kidogo, halafu inaachia, halafu inashika tena. Na kwa ndani kuna kikwaruzo. Lakini kikwaruzo hakitoki mbele kwenye puli, kinatoka nyuma.

mzee_dizeli
Nyuma. Haya, sasa tuongee habari ya breki.

Gari la petroli linapata vakyumu ya buusta kutoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Dizeli kama 3L haina ule mlango wa kubana hewa, kwa hiyo hakuna cha kunyonya. Ndiyo maana ikawekewa pampu yake ya vakyumu, na kwenye injini hizi za L imefungwa mgongoni mwa altaneta, inazungushwa na shafti hiyohiyo. Watu wanaiona kila siku wanadhani ni sehemu ya altaneta.

Ndani yake kuna rota, na kwenye rota kuna vipande bapa vinavyoteleza kwenye mifereji, vinatoka na kuingia. Vikizunguka vinarushwa nje vinabana ukuta, ndivyo inavyonyonya hewa. Inalainishwa na oili ya injini, inayofika kwa kibomba chembamba na kurudi kwa mpira mnene. Oili isipofika, vile vipande vinalika, mifereji inakwaruzika. Ikiwa kwenye sailensi mzunguko ni mdogo, havirushwi kwa nguvu ya kutosha, vinadundadunda ukutani: ko-ko-ko. Ukikanyaga mafuta vinarushwa vikabana ukuta sawasawa, kimya. Na kwa kuwa havibani vizuri, vakyumu inajaa taratibu, asubuhi unakuta pedali jiwe.

Ile dakika 1 ya mwanzo ambayo haigongi, nadhani ni oili kidogo iliyochuruzikia humo usiku, ikiisha ndiyo inaanza.

Altaneta iliguswa mwezi wa 3. Fungua boliti ya kile kibomba chembamba. Ni boliti yenye tundu katikati, na tundu lenyewe dogo. Tazama ndani.

mzigo_njombe
Mzee.

Nimefungua. Tundu limezibwa na silikoni nyekundu, ile ya gasketi. Waliipaka kuzunguka boliti badala ya kuweka washa za shaba, ikaingia ndani ikakauka. Nimeichomoa kwa sindano ya kushonea magunia, imetoka kipande kimoja kama mnyoo, urefu wa punje ya mchele mara 2.

Pampu nimeifungua boliti 3 za nyuma. Ndani kukavu, kuna vumbi jeusi, vipande vyenyewe vimelika upande mmoja na kimoja kimepasuka kona. Kwa hiyo nimetembea tangu mwezi wa 3 bila oili humo.

Na nikiri jambo: wiki iliyopita nilishuka mlima wa Kitonga. Pedali ilikuwa ngumu nikaweka gia ya 2, nikashuka polepole na lori la nyuma linanipigia honi. Nilidhani nimezidisha mzigo.

rumbesa_ni_dhambi
Mzigo nao ulizidi.

tabora_road
Nafuta nilichosema juu. Au sifuti, ulipaswa kuiegesha kweli, ila kwa sababu nyingine.

mama_spea
Naingilia kwa upande wa kununua. Nauza spea Kariakoo, gari hizi nazijua.

Usinunue altaneta nzima kama inachaji, nunua pampu peke yake. Beba ya zamani mkononi, ulinganishe meno ya shafti: yahesabu, na chomeka kwenye altaneta yako kama ulikuja nayo. Altaneta za mtumba zimechanganywa, ya 2L, ya 3L na ya 5L ziko kwenye sanduku moja, na pampu zake kwa macho ni mapacha. Ya mtumba ikague: chomoa kifuniko, uguse ukuta wa ndani kwa ukucha. Ukucha ukikwama, irudishe. Kuna wauza mabapa peke yake, ni rahisi, lakini kama ukuta umekwaruzika mabapa mapya hayafiki mwezi.

Washa za shaba ziko shilingi chache tu, nunua mpya 2 kwa kila boliti yenye tundu. Silikoni tuwaachie wajenzi wa mabafu.

mzee_dizeli
Mama kasema yote. La kuongeza: kabla ya kufunga pampu mpya, itilie oili safi kidogo kwa ndani, izungushe kwa mkono. Kisha kabla ya kufunga kibomba, elekeza mdomo wake kwenye chupa, mtu apige starta bila kuwasha. Oili isipotoka hapo usifunge, tafuta kizuizi. Ule mpira mnene wa kurudishia nao utazame ndani, wa zamani huvimba ukajiziba wenyewe.

pemba_mkaa
Nauliza kwa faida: lile vumbi jeusi lililolika limekwenda wapi? Si limerudi kwenye injini kwa huo mpira mnene?

mzee_dizeli
Swali la mwenye vespa ndilo bora kuliko yote leo. Ndiyo, mengine yamerudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Filta imeyashika, ndiyo yale masizi pengine. Mwenye uzi badilisha oili na filta ukishafunga, tembea kilomita 1,000, ubadilishe tena.

mzigo_njombe
Mrejesho. Samahani kwa kukaa kimya siku 9, mtandao na viazi.

Pampu nimepata ya mtumba, laki 1 na 40, ukuta laini nimeupitisha ukucha mbele ya muuzaji akacheka. Washa za shaba mpya. Nimepiga starta, oili imetoka kwenye kibomba baada ya sekunde chache, mdogo wangu akapiga kelele kama mwarabu wa kwanza kuona mafuta. Nimefunga, nimewasha.

Haigongi. Asubuhi pedali inashuka kwa mguu mmoja, na baridi ni ileile ya Njombe.

Fundi wa kwanza nimempitia kumwonyesha kile kimnyoo cha silikoni. Alikitazama, akasema "mimi nilisema beringi, sikusema ipi."

Kimebaki kitu kidogo: ikiwa baridi kuna tik-tik-tik nyembamba upande wa juu, ikipata moto inaisha. Kilikuwepo siku zote nadhani, kile kikubwa kilikuwa kinakifunika.

mzee_dizeli
Ikiisha ikipata moto, tazama gasketi ya manifoldi ya ekzosi kwanza. Pitisha tochi kwenye maungio, ukiona masizi meusi yamechorwa kama unyoya, hewa inavuja pale, chuma kikitanuka panaziba. Ikiwa pasafi, pima valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20 mpaka 0.30, za kutolea 0.40 mpaka 0.50. Ila 3L haina skrubu za kurekebishia, ni vibati vya kubadilisha, usikubali mtu anayekuja na bisibisi.

mzigo_njombe
Nitaitazama viazi vikiisha.

dodoma_makulu
Samahani kuvamia uzi. Yangu ni Hilux 5L, inalia ngriiii nikiwa nimesimama, nikikanyaga klachi inanyamaza. Nayo ni pampu ya vakyumu?

mzee_dizeli
Hapana. Ingelia pale unapokanyaga klachi, ningesema beringi ya kuachia klachi. Ikinyamaza ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Tazama oili ya giaboksi kwanza, fungulia kizibo cha pembeni uingize kidole. Na ufungue uzi wako.